Q5 ya New England Biolabs: polimerasi inayorudi nyuma kufuta kosa lake

Q5 High-Fidelity DNA Polymerase ya kampuni ya New England Biolabs ni polimerasi, yaani kimeng'enya kinachonakili DNA, na hutumika katika PCR, mbinu ya kuzidisha kipande cha DNA kwa mizunguko ya joto. Kichupa chake kidogo (namba ya katalogi M0491S) kina uniti 100 ndani ya mikrolita 50. Huja na bafa yake ya 5X na kichupa kingine cha High GC Enhancer, kiongezi cha violezo vigumu. Mmenyuko wa mikrolita 25 hula nusu uniti, kwa hiyo ukipima vizuri unapata mimenyuko 200. Gharama ya kila mmenyuko ni mara kadhaa ya Taq, polimerasi ya kawaida ya PCR, na maabara yenye bajeti finyu ina haki ya kuuliza tofauti hiyo inalipia nini.

Inalipia jambo moja: kimeng'enya hiki hugundua kwamba kimeweka besi (herufi ya DNA: A, T, G au C) isiyo yake, huikata, kisha huweka iliyo sahihi. Taq haiwezi. Ukielewa jinsi kazi hiyo inavyofanyika, utajua lini ununue Q5, lini uache, na kwa nini kinafeli mikononi mwa mtu anayekitumia kama Taq. Malalamiko mengi kuhusu Q5 yanatokana na hilo la mwisho.

Tuanze na takwimu. Mwaka 2017 Vladimir Potapov na Jennifer Ong walichapisha katika jarida la PLoS ONE vipimo vya makosa vya polimerasi kadhaa, wakisoma mfuatano wa molekuli mojamoja. Wote wawili walikuwa watafiti wa New England Biolabs, na msomaji aliweke hilo akilini. Kwa kila besi na kwa kila mara DNA inapoongezeka maradufu, Taq ilikosea mara 1.5 katika 10,000. KOD ilikosea mara 12 katika milioni, Pfu takriban 5, Phusion takriban 4. Q5 ilikosea mara 0.53 katika milioni, yaani kosa moja kwa kila besi milioni 1.9 hivi. Ndiko inakotoka ile "mara 280 zaidi ya Taq" iliyoandikwa kwenye matangazo. Hata ukiipunguza namba hiyo kwa tahadhari, pengo linabaki kubwa.

Zigeuze takwimu hizo ziwe kazi ya mezani. Unazidisha kipande cha besi 1,000, na DNA inaongezeka maradufu mara 20. Zidisha kiwango cha makosa kwa urefu, kisha kwa idadi ya marudio. Kwa Taq unapata wastani wa makosa 3 kwa kila molekuli, maana yake ni kama molekuli 5 tu kati ya 100 zilizo safi kabisa. Kwa Phusion, takriban 8 kati ya 100 zina kosa. Kwa Q5, ni kama 1 kati ya 100. Ukikloni kipande hicho na kuchagua koloni nne za kusoma mfuatano, Taq inaweza kukunyima hata moja iliyo sawa. Kwa Q5, koloni mbili zinatosha, na gharama ya kusoma mfuatano uliyoiokoa mara nyingi huzidi bei ya kimeng'enya chenyewe.

Sasa kosa linagunduliwaje?

Kichujio cha kwanza ni umbo. Nyukleotidi, yaani kijenzi cha DNA kinachobeba besi moja, inapoingia kwenye mfuko wa polimerasi, sehemu ya protini iitwayo vidole hujifunga juu yake. Jozi A na T, na jozi G na C, zina upana uleule, kwa hiyo mfuko hufunga sawasawa na kemia huendelea. Jozi isiyofaa hupotosha umbo, vidole havifungi vizuri, na mara nyingi nyukleotidi hiyo hutoka kabla haijaunganishwa. Kichujio hiki hata Taq inacho. Kinachopenya zaidi ni jozi kama G na T, ambayo umbo lake linakaribia kufanana na jozi halali.

Kichujio cha pili kinaanza kosa likishaunganishwa. Hapa ndipo Q5 na Taq zinapoachana njia. Ncha ya 3' ya uzi mpya, ile inayorefushwa, sasa imekaa upande, na kundi lake la haidroksili haliko mahali linapotakiwa ili kushika nyukleotidi inayofuata. Polimerasi pia imeshika jozi kadhaa za mwisho upande wa mfereji mdogo wa DNA, na jozi mbovu huvuruga mshiko huo. Matokeo ni kwamba kasi ya kuongeza besi inayofuata hushuka mara mamia au hata maelfu. Ucheleweshaji huo ndio ugunduzi wenyewe. Hakuna sehemu ya protini inayosoma besi na kutangaza kwamba ni mbovu. Mashine hukwama tu, na kule kukwama kunaipa njia nyingine muda wa kufanya kazi.

Njia hiyo nyingine ni eneo la eksonyukliasi ya 3' kwenda 5', yaani eneo linalokata nyukleotidi kutoka kwenye ncha ya 3', lililo nanometa 3 hadi 4 kutoka mahali besi zinapounganishwa, kwenye protini hiyohiyo. Ncha yenye jozi mbovu hufunguka kwa urahisi kwa kuwa haijafungamana vizuri na kiolezo, yaani uzi unaonakiliwa. Besi chache za mwisho hujitenga na uzi mwenzake na kuteleza hadi kwenye eneo la kukata. Huko, ioni mbili za metali, kwa kawaida magnesi, zilizoshikwa na amino asidi zenye chaji hasi, huielekeza molekuli ya maji kuvunja kifungo cha fosfati. Nyukleotidi mbovu hutoka ikiwa na fosfati moja, uzi hurudi mahali pake, na kazi huendelea. Douglas Brutlag na Arthur Kornberg walionyesha tabia hii mwaka 1972 kwa polimerasi ya bakteria E. coli, miaka mingi kabla PCR haijakuwapo.

Yote haya ni mbio kati ya kuendelea na kurudi nyuma, na kila kinachoharakisha kuendelea kinapunguza kusahihisha. Ndiyo sababu kiasi cha dNTP, zile nyukleotidi huru unazoziweka kwenye mmenyuko, kinapaswa kuheshimiwa. Ukimimina nyukleotidi kupita kiasi, inayofuata hujaza nafasi yake haraka na kulifunika kosa kabla ncha haijafika kwenye eneo la kukata. Kukosekana kwa uwiano kati ya nyukleotidi nne ni kubaya vilevile: ile iliyozidi huingizwa mahali si pake, kisha husaidia kulifunika kosa. Kwa Q5, mikromola 200 za kila moja ni sharti la usahihi. Ioni za manganisi nazo zisiingie kabisa, kwa kuwa huzilegeza polimerasi zichague ovyo. Watu huziongeza makusudi wanapotaka mabadiliko ya nasibu.

Je, Taq ikikosea hufanya nini? Protini yake, iliyotoka kwa bakteria Thermus aquaticus wa chemchemi za moto za Yellowstone, ina sehemu inayofanana kimuundo na eneo la kukata, lakini imepoteza amino asidi za kushika metali. Ikikwama kwenye kosa, ama hulivuka polepole na kulihifadhi milele, ama huiachia DNA. Hii ya pili inaeleza kwa nini Taq peke yake huchoka kwenye vipande virefu. Mwaka 1994 Wayne Barnes alionyesha kwamba ukiichanganya na kiasi kidogo tu cha polimerasi yenye kusahihisha, vipande vya hadi besi 35,000 vinawezekana. Kumbe urefu nao unategemea usahihishaji.

Q5 ina nyongeza nyingine, Sso7d, protini ndogo yenye asili ya Sulfolobus, mmoja wa arkea (viumbe wa seli moja wasio bakteria), iliyounganishwa na polimerasi ili ishikilie DNA kwa nguvu. Hiyo huipa kasi na ustahimilivu. Kutokana nayo sekunde 20 hadi 30 zinatosha kwa kila besi 1,000, badala ya dakika nzima tuliyoizoea kwa Taq.

Kuandaa mmenyuko

Kwa mikrolita 50: mikrolita 10 za bafa ya 5X, mikrolita 1 ya dNTP za milimola 10, mikrolita 2.5 za kila praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili) ya mikromola 10, kiolezo, mikrolita 0.5 za kimeng'enya, na maji hadi ujazo ukamilike. Bafa tayari ina magnesi, nayo ikishachanganywa hufika milimola 2, kwa hiyo usiongeze ya kwako kwa mazoea. Kiolezo kikiwa plasmidi (DNA ndogo ya mviringo), kiwe kati ya pikogramu 1 na nanogramu 10; DNA ya jenomu, nanogramu 1 hadi mikrogramu 1.

Kupima mikrolita 0.25 kwa mmenyuko wa mikrolita 25 ni kujidanganya. Kimeng'enya kimehifadhiwa kwenye gliseroli ya asilimia 50, ni kizito, na hung'ang'ania nje ya ncha ya pipeti. Andaa mchanganyiko wa mimenyuko kumi kwa pamoja, chovya ncha juujuu tu, na usukume taratibu. Gliseroli hiyohiyo inakizuia kisigande kwa −20°C. Kisikae kwenye friza ya kujiyeyusha barafu yenyewe, kwa sababu joto lake hupanda na kushuka kila siku.

Toleo lisilo la Hot Start (lile lisilozuiwa mpaka lipashwe joto) liandaliwe juu ya barafu, na kimeng'enya kiingie mwisho. Hili si pambo la itifaki. Eneo la kukata halingoji mashine iwashwe. Praima zikiwa hazijashikana na kitu, ni nyuzi moja zenye ncha ya 3' iliyo wazi, na huliwa. Bila dNTP hali ni mbaya zaidi kwa kuwa hakuna cha kurudishia kilicholiwa. Dalili zake ni mstari hafifu kwenye jeli, au mistari isiyotarajiwa kwa sababu praima zilizofupishwa zimeshika kwingine. Q5 Hot Start imezuiwa na aptama, molekuli inayoshikamana na kimeng'enya na kuachia joto linapopanda, na inaweza kuandaliwa kwa joto la chumba. Kama praima zako bado zinaliwa, agiza zenye kifungo cha fosforothioeti, ambacho ni kigumu kukatwa, kwenye ncha ya 3'.

Mizunguko: 98°C kwa sekunde 30. Kisha mizunguko 25 hadi 35 ya 98°C kwa sekunde 5 hadi 10, joto la kushikana kwa sekunde 10 hadi 30, na 72°C kwa sekunde 20 hadi 30 kwa kila besi 1,000. Malizia na 72°C kwa dakika 2.

Joto la kushikana ndilo linalowaangusha wengi. Bafa ya Q5 huzifanya praima zishikane kwa nguvu zaidi, hivyo kanuni ni Tm (joto ambalo nusu ya praima huachana na kiolezo) ya praima iliyo dhaifu kujumlisha 3°C, Tm hiyo ikiwa imekokotolewa kwa kikokotoo cha kampuni kwenye tovuti yao. Mtu aliyezoea kutoa 5°C kwa Taq anaishia nyuzijoto nane chini ya panapotakiwa, anapata mistari mingi kwenye jeli, halafu anasema kimeng'enya ni kibovu. Tm ikikaribia 72°C, unganisha hatua ya kushikana na ya kurefusha.

High GC Enhancer itumike kwa violezo ambavyo G na C zinazidi takriban asilimia 65, au vinavyojikunja sana. Usiitie kwa mazoea kwenye kila kitu.

Makosa ambayo Q5 haiyakamati

Usahihishaji hushughulikia besi ambayo kimeng'enya kimetoka kuiweka sasa hivi. Katika chembe hai kuna kikosi cha tatu kinachopita nyuma, kile cha kurekebisha jozi zisizolingana, ambacho utafiti wake ulimpa Paul Modrich sehemu ya Nobeli ya kemia mwaka 2015. Ndani ya kichupa cha PCR kikosi hicho hakipo. Kosa lililovukwa limevukwa.

Kuna pia DNA iliyoharibika kabla ya kunakiliwa. Kila safari ya 98°C huzifanya sitosini chache zipoteze kundi la amino na kuwa urasili, na uzi mwenzake hupata A mahali pa G. Utafiti uleule wa 2017 ulionyesha kwamba kwa polimerasi sahihi kama Q5, madhara haya ya joto ni chanzo kikubwa cha mabadiliko unayoyaona mwishoni. Kwa hiyo usirefushe hatua ya 98°C, punguza mizunguko kwa kuanza na kiolezo cha kutosha, na ukikata mstari kwenye jeli usiiache DNA chini ya mwanga mkali wa urujuanimno. Mwanga wa bluu ni salama zaidi. Kulipia usahihi wa Q5 kisha kuendesha mizunguko 40 ni kupoteza ulichonunua.

Marudio marefu ya besi moja ni tatizo jingine. Uzi ukiteleza katikati ya A kumi na mbili, kitanzi kinajificha nyuma ya ncha, na ncha yenyewe inaonekana sawa, kwa hiyo kimeng'enya hakikwami. Vivyo hivyo kwa nyuzi zinazobadilishana violezo katikati ya kazi na kuzaa molekuli chotara: kila jozi ni halali, na hakuna cha kukamata.

Urasili una kisa chake cha pekee, na ninakipenda kuliko vyote katika biolojia ya vimeng'enya hivi. Polimerasi za arkea wa maji moto, kama Pfu, hukagua kiolezo mbele yao. Zikihisi urasili besi nne kabla ya kuufikia, husimama. Kwa kiumbe anayeishi karibu na 100°C, ambako sitosini huharibika kwa kasi, hiyo ni busara kubwa. Kwetu maana yake ni kwamba Q5, yenye tabia hiyohiyo, haifanyi kazi na praima zenye urasili, na dUTP (nyukleotidi ya urasili), na kiolezo kilichopitishwa kwenye baisalfaiti, kemikali inayogeuza sitosini kuwa urasili. Hata dNTP zilizozeeka kwa kugandishwa na kuyeyushwa mara nyingi huwa na dUTP kidogo, na mavuno hushuka bila sababu inayoonekana. Zigawe dNTP kwenye vichupa vidogo tangu siku zinapofika. Kwa kazi za urasili kampuni ina Q5U, ambayo mfuko wake wa kushika urasili umebadilishwa.

Kwa wanaosoma vinasaba vya malaria

Maabara nyingi za Afrika Mashariki zinafuatilia jeni ya kelch13 ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ambayo mabadiliko yake huhusishwa na usugu dhidi ya dawa za artemisinin, hasa baada ya badiliko R561H kuripotiwa Rwanda mwaka 2020. Hapa ushauri wangu unategemea njia ya kusoma.

Kwa Sanger, njia inayosoma mfuatano wa molekuli zote kwa pamoja kama wastani, moja kwa moja kutoka kwenye bidhaa ya PCR, na vimelea vikiwa vingi, Taq inatosha. Makosa yake hutawanyika, kila molekuli na lake, na kwenye grafu hayaonekani. Hali hugeuka damu ikiwa imekaushwa kwenye karatasi ya chujio na vimelea ni vichache. Ukianza na nakala tatu au nne, kosa la mzunguko wa kwanza linaweza kubebwa na sehemu kubwa ya bidhaa na kusomeka kama badiliko halisi. Hapo tumia Q5, na rudia PCR kutoka kwenye DNA ileile kabla ya kuripoti badiliko jipya.

Kwa usomaji wa kina unaotafuta koo zilizo chini ya asilimia 1 kwenye maambukizi mchanganyiko, sioni nafasi ya Taq kabisa. Baada ya marudio 20, kelele yake ni karibu asilimia 0.3 kwa kila besi. Ya Q5 ni kama asilimia 0.001, kabla hujajumlisha madhara ya joto.

Jihadhari na jambo moja. Jenomu ya falciparum ina G na C asilimia 19 hivi tu, na maeneo yenye A na T nyingi mno hufunguka kwa 72°C kabla hayajarefushwa. Shusha joto la kurefusha hadi kati ya 60 na 65°C na uongeze muda. High GC Enhancer haina kazi hapa.

Mahali pa kuiacha dukani

PCR inayotofautisha aleli (matoleo ya jeni moja) kwa besi ya mwisho ya praima haiwezekani kwa Q5. Kipimo hicho kinategemea ncha isiyolingana kushindwa kurefushwa. Q5 huikata ncha hiyo, hurefusha, na kila sampuli inaonekana chanya. qPCR (PCR inayopima kiasi cha DNA) ya proubu za kuvunjwa nayo inahitaji eksonyukliasi ya 5' kwenda 3', ambayo Taq inayo na Q5 haina. Kukagua koloni au kutazama urefu wa kipande kwenye jeli hakuhitaji usahihi huu.

Bidhaa ya Q5 ina ncha butu. Kwa vekta za T (plasmidi zinazopokea kipande chenye A nchani), isafishe kwanza kwa kolamu, kisha ongeza A kwa Taq na dATP kwa 72°C, dakika 20. Usiruke kusafisha, maana Q5 iliyobaki itaikata A hiyohiyo. Safisha pia kabla ya kutumia vimeng'enya vya kukata DNA mahali maalumu, la sivyo polimerasi iliyobaki itazijaza au kuzila ncha ulizotengeneza.

Kati ya matoleo yaliyopo, kwa maabara inayofanya kazi ya aina moja kila wiki ningechagua M0494, mchanganyiko tayari wa 2X wa Hot Start: pipeti chache, hakuna robo mikrolita ya kupima, na dNTP zimo ndani kwa uwiano sahihi. Kwa anayehangaika na violezo vigumu, M0493 yenye vijenzi vilivyotengana ndiyo inayofaa, kwa kuwa Enhancer na kiasi cha kimeng'enya vinabaki mikononi mwake. M0491 ya kawaida naipendekeza tu pale ambapo kila anayeitumia ana ndoo ya barafu mezani.